Wokovu wa mtu aliyekatiwa tamaa: maana yake katika imani ya Kikristo

Katika Kiswahili cha kila siku mtu huokoka ajalini, huokoka katika mafuriko, na kitenzi chenyewe hakimtaji aliyemtoa hatarini, kana kwamba aliponyoka kwa bahati yake. Wakristo hukitumia kitenzi hicho hicho, lakini maana wanayoikusudia iko karibu zaidi na kuokolewa, kwa kuwa yupo mwokozi, naye ndiye mwenye kutenda. Juu ya tofauti hiyo ndogo ya sarufi imejengwa imani kwamba hata mtu ambaye ndugu, majirani na nafsi yake mwenyewe wamekwisha kumkatia tamaa anaweza kupata wokovu. Laiti wokovu ungetegemea akiba ya wema aliyo nayo mtu, asiye na akiba asingekuwa na tumaini; lakini kwa kuwa unategemea neema, yaani fadhili ambazo Mungu humpa asiyezistahili, wingi wa dhambi haupunguzi uwezo wa anayeokoa.

Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni wa Manase, mfalme wa Yuda aliyetawala miaka 55, ingawa mahubiri mengi humpita. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 33, kinaeleza kwamba alijenga madhabahu za miungu ndani ya hekalu na kuwapitisha wanawe motoni katika bonde la mwana wa Hinomu, na kitabu cha pili cha Wafalme kinaongeza kwamba alimwaga damu isiyo na hatia hata akaijaza Yerusalemu. Waashuri walipomfunga na kumpeleka Babeli, alijinyenyekeza taabuni akaomba, naye Mungu akamsikia na kumrudisha katika ufalme wake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kitabu cha Wafalme hakiitaji toba hiyo hata kidogo, na badala yake kinaihesabu damu aliyoimwaga kuwa sababu mojawapo ya maangamizi yaliyoipata Yuda baadaye. Anayevisoma vitabu hivyo viwili kwa pamoja ataona kwamba mkosaji anaweza kusamehewa huku madhara ya kosa lake yakiendelea kuwaumiza wengine.

Manase alipata muda wa kuziondoa sanamu na kuitengeneza madhabahu ya Bwana. Mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakuupata. Hakubatizwa, hakurudisha alichoiba kama aliiba, wala hakumwomba radhi yeyote aliyemdhulumu. Alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akasema, “Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako,” naye akaahidiwa kuwa peponi siku iyo hiyo. Waprotestanti huona hapo mafundisho ya kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani pasipo matendo. Wakatoliki nao, wanaosisitiza sakramenti, humwita padri kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi kwa kuamini kwamba mlango wa toba hubaki wazi hadi pumzi ya mwisho.

Je, imani hii haimpi mtu ruhusa ya kutenda maovu leo na kutubu kesho? Swali hilo ni la haki, hasa linapoulizwa na aliyedhulumiwa, na Mtume Paulo alilijibu mapema katika Warumi 6 kwa kukataa katakata kwamba mtu adumu katika dhambi ili neema izidi. Paulo mwenyewe, kabla ya kuamini, aliridhia kuuawa kwa Stefano aliyepigwa mawe kwa ajili ya imani yake, na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo anajiita wa kwanza miongoni mwa wenye dhambi. Katika uamsho wa Kikristo ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao ndio uliotupatia neno “mlokole”, yaani mtu aliyeokoka, kutoka Kiganda, walioungama wizi mbele ya wenzao walitarajiwa pia kuvirudisha vitu vya watu, kama vile Zakayo, yule mtoza ushuru, alivyoahidi kurudisha mara nne.

Kinachohesabiwa kuwa hatari zaidi, basi, ni kukata tamaa kwenyewe, na Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alikuweka miongoni mwa dhambi dhidi ya Roho Mtakatifu kwa sababu humfanya mtu aukatae msamaha unaotolewa. Petro alimkana Yesu mara tatu, akalia kwa uchungu, akarudi kwa wenzake. Yuda, mwanafunzi aliyemsaliti Yesu, naye alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, kisha akaenda kujinyonga. Hata hivyo Kanisa Katoliki, ambalo limewatangaza watu wengi kwa majina kuwa watakatifu, halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni, hata huyo Yuda.