Gamba la kusikia: pale mtetemo unapogeuka kuwa sauti

Gamba la kusikia ni eneo dogo la tabaka la juu la ubongo, moja kila upande, usawa wa juu kidogo ya masikio. Kwa nje huonekana kidogo tu, maana sehemu yake kubwa imejificha ndani ya bonde refu la pembeni mwa ubongo, juu ya mkunjo uliopewa jina la Richard Heschl, mwanaanatomia wa Austria wa karne ya 19. Tukisema "nimesikia" tunawaza sikio. Kweli sikio linafanya kazi kubwa, lakini kazi hiyo ni kupokea mtetemo wa hewa na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Kutambua kwamba mtetemo ule ni honi ya bodaboda, au ni mtoto anayemwita mama yake, ni kazi ya ubongo.

Safari yenyewe ni fupi. Hewa inatikisa ngoma ya sikio, vifupa vitatu vinapeleka mtikiso ndani, hadi kwenye koklea, mrija uliojisokota wenye umajimaji na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Vinyweleo vikipinda, umeme unazaliwa na kusafiri kwenye neva ya kusikia. Kwenye shina la ubongo, taarifa za masikio mawili zinalinganishwa: sauti inayotoka upande wa kulia hulifikia sikio la kulia mapema, kwa tofauti isiyotimia hata elfu moja ya sekunde, na tofauti hiyo inatosha kukufanya ugeuke upande sahihi. Kisha ishara zinapita thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea na kupeleka mbele taarifa, na ndipo zinafika kwenye gamba.

Koklea hupokea sauti nyembamba mwanzoni mwake, na sauti nene kule mwisho inakoishia kujisokota. Mpangilio huo haupotei njiani. Gamba la kusikia nalo limepangwa kwa mfuatano, kama vibao vya kinanda: seli za sehemu hii zinaamka zaidi kwa mitetemo 200 kwa sekunde, za jirani kwa 400, na kuendelea. Lakini ramani hiyo ni mwanzo tu, na kinachofuata ndicho kinachonishangaza zaidi katika elimu hii yote.

Chukua simu. Sauti ya mwanamume mzima hutetema takriban mara 120 kwa sekunde. Simu za zamani zilipitisha mitetemo kuanzia 300 hadi 3,400 hivi, kwa hiyo ule mtetemo wa msingi ulikuwa haufiki kabisa kwa msikilizaji. Hata hivyo baba akipiga simu ulimsikia na sauti yake nene ileile. Imetoka wapi? Sauti ya binadamu haina mtetemo mmoja. Juu ya 120 kuna 240, 360, 480, 600. Simu ilileta 360 na kuendelea, na ubongo, kwa kuona kila hatua ina pengo la 120, ukarudisha msingi uliokosekana. Mwaka 2005 watafiti Daniel Bendor na Xiaoqin Wang walionyesha kwamba kwenye gamba la kusikia la mamoseti, kima wadogo wa Amerika Kusini, kuna seli zinazoitikia msingi huo hata usipokuwepo kwenye sauti yenyewe.

Gamba hili pia linachagua. Ukiwa stendi, wapiga debe wanaita, muziki unalia na rafiki yako anakusimulia jambo, sauti zote zinaingia sikioni zikiwa zimechanganyika. Mwaka 2012 watafiti Nima Mesgarani na Edward Chang waliwasikilizisha watu wawili wakiongea kwa pamoja wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa vipokezi kwenye ubongo kwa ajili ya matibabu. Ishara za pale zilimfuata hasa yule msemaji ambaye mgonjwa aliamua kumsikiliza.

Na linafundishwa na lugha inayolizunguka. Mzee wa Mombasa anayesema Kimvita hutamka paa la nyumba na paa wa mwituni kwa namna mbili: yule mnyama anatoka na pumzi kidogo baada ya midomo kufunguka. Tofauti hiyo ni ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Aliyekulia humo anaisikia bila kufikiri, lakini wengi tuliojifunza Kiswahili cha shuleni inatupita, ingawa masikio yetu ni mazima. Watoto wachanga hutofautisha hata sauti za lugha wasizozisikia nyumbani, na uwezo huo huanza kupungua kabla hawajatimiza mwaka.

Eneo hili likiumia pande zote mbili, kwa mfano kwa kiharusi, mtu anaweza kubaki anasoma, anaongea, anatambua mbwa akibweka, lakini maneno ya watu yanamfikia kama lugha ngeni. Ni rahisi ndugu kudhani anajifanya, au kumtafutia kifaa cha kuongeza sauti ambacho hakitamsaidia, maana tatizo halipo sikioni.

Kwa mtoto anayezaliwa kiziwi mambo yamegeuka: sikio halipeleki ishara, na gamba lisilopata sauti huanza kutumiwa na kazi nyingine, kama kuona. Ndiyo maana madaktari huharakisha anapofaa kupandikizwa koklea ya bandia, kifaa kinachopeleka ishara za umeme kwenye neva ya kusikia. Akiwekewa kabla ya miaka mitatu na nusu hivi, mara nyingi gamba lake hukua karibu sawa na la mtoto anayesikia. Akipita miaka saba, inakuwa vigumu sana. Na hakuna haja ya kungoja mpaka achelewe kuongea. Mtoto mchanga anaweza kupimwa akiwa amelala, kwa kubandikwa vipokezi vidogo kichwani na kuchezewa milio midogo sikioni, huku mashine ikisoma kama shina la ubongo limeitikia.