Sumaku Inavyohamisha Mipaka ya Fuwele Ndani ya Metali

Kipande cha metali kikisuguliwa hadi king'ae, kikapakwa asidi kidogo na kuwekwa chini ya darubini, huonekana kuwa ni fuwele nyingi zilizobanana, kila moja ikiwa imepanga atomi zake kwa mwelekeo wake. Zinapokutana pana mpaka. Metali ikipashwa moto, atomi huhama kutoka fuwele moja kwenda ya jirani, mpaka nao unasogea, na fuwele moja inakua kwa kuimeza nyingine.

Je, sumaku inaweza kuusukuma mpaka huo? Inaweza, na wala si lazima metali iwe chuma. Mwaka 1956, W. W. Mullins wa Marekani alionyesha jambo hili kwa bismuthi, metali ambayo sumaku haiivuti bali huisukuma kidogo.

Kinachofanya kazi hapo ni mwelekeo. Bismuthi huikataa sumaku kwa kiasi kinachotofautiana kulingana na upande ambao fuwele imeelekea. Kwa hiyo fuwele mbili jirani, ndani ya uga sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) uleule, hubeba nishati tofauti, na mpaka husogea kuelekea ile yenye nishati kubwa zaidi. Kugeuza ncha ya kaskazini iwe kusini hakubadilishi chochote, kwa sababu nishati hiyo hufuata mraba wa uga. Uga ukiongezwa mara mbili, msukumo huwa mara nne.

Hata hivyo msukumo wenyewe ni mdogo mno. Kwa uga wa tesla 20 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), ilhali mashine nyingi za MRI hospitalini hutumia tesla 1.5 au 3, bismuthi hupata msukumo wa kilopaskali (kipimo cha shinikizo) chache tu. Metali iliyofinywa ikiwa baridi huwa na nishati iliyojificha ndani yake inayozidi hapo mara maelfu. Ndiyo maana sumaku hupata nafasi baadaye, nishati hiyo ikishakwisha na fuwele zikiwa zinakua polepole. Katika bamba la metali ya titani, kwa mfano, ukiliinamisha vizuri ndani ya uga wakati wa kulipasha moto, kundi moja la fuwele hustawi kuliko lingine.

Kwa mhandisi wa viwandani, hii bado ni kazi ya maabara. Chuma cha silikoni kilichomo kwenye transfoma za umeme hupangwa fuwele zake kwa kupitishwa kwenye roli na kupashwa moto, njia aliyoivumbua Norman Goss miaka ya 1930, bila msaada wa sumaku.