Baiolojia ya Molekuli si Udaktari Uliokosekana

Hapa Tanga, kijana akisema amechaguliwa kusoma shahada ya baiolojia ya molekuli, wazee humpa pole kwa kuukosa udaktari, kisha humfariji kwamba angalau atapima damu katika hospitali ya Bombo. Yote mawili si sahihi. Kupima wagonjwa ni kazi ya wahitimu wa sayansi ya maabara za tiba, fani yenye baraza lake la usajili, na shahada hii haimpi mtu leseni hiyo.

Anachojifunza mwanafunzi ni jinsi chembe hai inavyosoma DNA yake (maelekezo ya urithi), kuinakili katika RNA (nakala inayobeba maelekezo hayo) na kutengeneza protini, na namna ya kuyachunguza hayo kwa mikono yake. Chukua PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA: mchanganyiko wa mikrolita 25, kiasi kisichotimiza hata tone moja la kawaida, hupashwa hadi nyuzijoto 95 za Selsiasi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hupozwa hadi karibu 55 ili vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) vishike, kisha hupandishwa hadi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, kipande kimoja huzaa zaidi ya nakala bilioni moja. Kwa hiyo hesabu na kemia haziepukiki (nao wanaodhani ni somo la kukariri hugutuka mapema).

Matumizi yake hayako mbali: wilayani Muheza kuna watafiti wa malaria katika kituo cha Amani na wa mkonge katika kituo cha Mlingano, na pande zote mbili maswali ya vinasaba ni mengi.