Je, wajua kwa nini zege hushika hata likiwa chini ya maji?

Muulize mtu aliyewahi kumwaga sakafu kwa mikono yake kwa nini zege linakuwa gumu, atakujibu bila kusita: linakauka. Jibu linaonekana halina ubishi. Jana lilikuwa tope, leo ni jiwe, na maji hayaonekani. Lakini maji hayo, sehemu kubwa, hayajaenda kokote. Yameingia ndani ya jiwe lenyewe.

Dhana ya kukauka inafaa ipimwe kwa udongo, maana ukuta wa udongo kweli hukauka. Ukiulowesha vya kutosha unarudi kuwa tope. Zege lililokomaa unaweza kulizamisha kisimani mwaka mzima, ukalitoa likiwa gumu vilevile, pengine gumu zaidi. Nguzo za madaraja humwagiwa zege mtoni kupitia bomba refu linalofika chini kabisa, nalo hushika huko huko bila kuona jua. Kuna na ushahidi wa joto. Kitu kinachokauka hupoa, kwa kuwa maji yanayopaa huondoka na joto. Zege linaloshika hupata moto. Katika Bwawa la Hoover, Marekani, lililomwagwa zege kati ya 1933 na 1935, ilibidi mabomba yazikwe ndani ya zege na kupitishwa maji baridi ili kuondoa joto hilo. Hakuna nguo iliyowahi kuhitaji kupozwa ikiwa kambani.

Kinachotokea ni mmenyuko wa kikemia. Saruji ni mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja kwenye nyuzi joto zipatazo 1,450 za Selsiasi, kisha vikasagwa pamoja na jasi kidogo. (Aina tunayoitumia leo inatokana na hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, ya 1824, ingawa saruji yake ilikuwa tofauti na ya sasa.) Maji yanapoigusa, kila chembe huanza kuota nje yake gundi ngumu ya kalsiamu, silika na maji.

Ingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, kisha vuta. Hivyo ndivyo chembe mbili jirani zinavyokamatana, ila hapa vidole ni vingi kupita hesabu na vinaendelea kurefuka. Mwanzoni ni vifupi, mikono inapishana tu: hapo zege bado linasukumika kwa mwiko. Vikishaanza kupenyana, zege limeshika. Ukilivuruga wakati huo unavunja vidole, na kuongeza maji hakuvirudishi. Mikono ikiwa mbali sana tangu mwanzo, vidole havitafikiana vizuri hata vikirefuka. Kinachoiweka mbali ni maji ya ziada.

Mfano huu ni wa kurahisisha. Kwa udogo wa kweli, gundi hiyo inafanana zaidi na vijikaratasi vilivyokunjamana kuliko vidole, na wataalamu bado wanabishana kuhusu umbo lake.

Kikemia, saruji hufunga maji yanayokaribia robo ya uzito wake: kilo 50 hufunga lita 12 hivi, na nyingine karibu kiasi hicho hunaswa katika vitundu vya gundi. Ukitia lita 35 ili mchanganyiko uteleze vizuri kwenye koleo, yanayozidi yataacha matundu. Maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi nayo yanahesabika, jambo linalosahaulika kila mvua inaponyesha.

Lakini maji ambayo mmenyuko unayahitaji hayapaswi kupotea, ndiyo maana mafundi humwagilia zege jipya na kulifunika kwa magunia mabichi au nailoni, kwa kawaida siku 7. Wanaoona hivyo ni kulichelewesha kukauka wameelewa nusu tu: unyevu ndani ya vitundu ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, mmenyuko karibu unasimama na zege linabaki changa. Siku 28 zinazotajwa kwenye vipimo ni siku ya kulipima nguvu kwa makubaliano tu. Zege lenye unyevu huendelea kuimarika kwa miaka.

Kinachoshangaza zaidi ni sukari. Kiasi kisichofika asilimia 1 ya uzito wa saruji kinaweza kuzuia zege lisishike kwa siku kadhaa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba inazifunika chembe zisiote, ingawa undani wake bado una mjadala, na kipimo kikizidi zege linaweza kushika ghafla badala ya kuchelewa. Si jambo la kujaribia kwenye msingi wa nyumba.

Na ule mfuko uliogeuka jiwe stoo bila mtu kuutia maji? Saruji imevuta unyevu wa hewani, ikaota vidole vyake humo humo. Kuuponda mabonge hakusaidii sana, kwani chembe zilizokwisha kumenyuka zimebaki kama mchanga tu.