Kwa nini Albert King alizivuta nyuzi za gitaa kuelekea chini?

Picha ya kwanza ya Albert King niliyoiona nilidhani imechapwa kinyume. Nilipoambiwa kwamba mpiga gitaa huyu wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, alikuwa wa mashoto, nikakosea tena: nikajua basi alifanya kama mpiga gitaa Jimi Hendrix, aliyechukua gitaa la mkono wa kulia, akaligeuza, kisha akazipanga nyuzi upya ili ule mnene urudi juu. Wapi! King aligeuza gitaa akaziacha nyuzi zilivyo. Mnene ukawa chini, unatazama sakafu. Mwembamba ukawa juu, upande wa kidevu. Wala hakuwa peke yake, kwani mpiga bluzi Otis Rush wa Chicago naye alipiga hivyo hivyo. Gitaa la King, Gibson Flying V, lina umbo la herufi V, kwa hiyo hata likipinduliwa sura ni ile ile. Ndiyo maana nililaumu wachapaji.

Maisha yake kwa ufupi: alizaliwa Indianola, Mississippi, mwaka 1923, akaendesha buldoza, akampigia ngoma mwanabluzi Jimmy Reed, na mwaka 1967 kampuni ya muziki ya Stax ya Memphis ikatoa albamu yake Born Under a Bad Sign. Alifariki 1992.

Sasa tuje kwenye sauti. Uzi ukikazwa, sauti hupanda. Mpiga gitaa huubana kwa kidole kisha huupeleka kando, kama mtu anayeegemea kamba ya kuanikia nguo. Kwa wengi, uzi mwembamba uko ukingo wa chini wa shingo ya gitaa, hivyo sharti wausukume juu. Wakiuvuta chini unachomoka. King aliuvuta chini, kuelekea kiganjani. Ni kama kuteka maji kisima chenye roda: unavuta kwenda chini, na uzito wa mkono wenyewe unakusaidia. Noti moja ikapanda taratibu, ikalia, ikapitiliza pale ulipodhani itakoma.

Lakini tusiupe mwelekeo sifa zote. King alikuwa pande la mtu mwenye mikono mikubwa, na nyuzi zake alizilegeza chini ya kiwango cha kawaida, jambo linalorahisisha kuzivuta. Tena alizidonoa kwa kidole gumba, bila kipigio, kile kibao kidogo cha kudonolea nyuzi.

Na mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan, mfuasi wake mkubwa, alikuwa wa mkono wa kulia. Mwaka 1983 walirekodi pamoja kipindi cha televisheni huko Hamilton, Kanada: mmoja anavuta chini, mwingine anasukuma juu nyuzi nene kupindukia, wote wawili wakiitafuta noti ile ile.