Hifadhi ya pwani kwa siku moja: karavani ibaki kambini

Barabara za hifadhi ya pwani kwa kawaida ni mchanga, na gari linalokokota karavani, yaani nyumba ya magurudumu, huzama upesi. Iache kambini: weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, funga mtungi wa gesi, uondoke na gari tupu.

Siku ipangwe kwa maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji makubwa, na kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Maji hupwa mbali na hujaa juu. Kutoka kupwa hadi kujaa ni muda wa saa 6 na dakika 12 hivi, ila hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza huingia sehemu 1 tu kati ya 12. Saa ya tatu na ya nne huingia sehemu 3 kila moja, yaani nusu ya maji yote. Wengi hunaswa hapo: wametandika mkeka maji yakiwa mbali, kumbe kijito walichokivuka kwa miguu kimeshakuwa mkondo. Mimi hushuka ufukweni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na kutoka mapema yakianza kurudi. Saa za jana usizitumie leo; maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku.

Kabla ya kuingia mchangani, toa upepo kwenye matairi, tuseme kutoka PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 35 hadi 20. Tairi hutandazika, uzito ukaenea. Usikate kona ghafla, litachomoka kwenye ringi. Usikanyage breki, mchanga hujikusanya mbele ya gurudumu, ukawa kizingiti. Likizunguka bila kwenda, simama hapo hapo, fukua, kisha rudi nyuma kwenye alama zako, maana mchanga huo umeshashindiliwa. Na kamba ya kuvutia gari lililokwama isifungwe kamwe kwenye tufe la chuma la kukokotea karavani: likikatika huruka kama risasi, na limeshaua watu.

Magari yakiruhusiwa ufukweni, pita kwenye mchanga mbichi, chini ya mstari wa mwani mkavu. Juu yake kasa hufukia mayai.

Jioni, jaza upepo kabla ya lami, kwani tairi legevu hupata moto na kupasuka. Pampu ndogo hukawia, na matairi ni manne; geti la hifadhi halitakusubiri.