Nusu kaputi sio usingizi: kwa nini usiku wa tatu baada ya upasuaji unakuwa wa ajabu

Watu wengi wakitoka thieta wanategemea usiku ule watalala fofofo, halafu inakuwa kinyume, wanakesha, na siku ya kuja kutoa nyuzi wananiambia kwa aibu aibu kama vile wao ndio wana kasoro. Mi ni daktari wa usingizi na ganzi, yaani yule mtu anayekaa upande wa kichwa chako wakati daktari wa upasuaji anashughulika na tumbo, na hili swali nimelijibu miaka nenda rudi. Juzijuzi nami nikawa mgonjwa: ngiri ya kinena, upasuaji wa matundu (vitundu vidogo na kamera badala ya kuchana), kitu cha kawaida kabisa, unaingia asubuhi na jioni unaruhusiwa. Kidonda hakikunisumbua. Usingizi ndio uligoma, na kwa kuwa saa nane za usiku nilikuwa macho kodo bila kazi nikasema basi niandike.

Kwanza tuondoe hili: ukiwa chini ya nusu kaputi hujalala. Mtu aliyelala kweli anapita hatua kwa hatua, anashuka mpaka usingizi mzito, anapanda, anaota, anarudi tena chini, mzunguko mmoja unachukua kama dakika 90 hivi, na kadiri alfajiri inavyokaribia ule mzito unapungua na wa ndoto unaongezeka. Na wakati wote huo ukimtikisa anaamka. Mgonjwa wangu anachanwa tumbo na haamki, hapo tu ushaona hatuzungumzii kitu kimoja. Propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa tunayopitisha kwenye mshipa, inazidisha nguvu ya kemikali ya ubongo inayozimisha seli (GABA), na ndani ya dakika moja hivi mtu kaondoka. Ukiangalia kipimo cha umeme wa ubongo wakati dozi imekuwa kubwa unaona mstari unalala tambarare sekunde kadhaa, unaruka, unalala tena, na mchoro huo huuoni kwa mtu mzima mwenye afya aliyelala kitandani kwake. Mwaka 2010 Emery Brown, daktari wa usingizi na ganzi wa Marekani, na wenzake waliliandika waziwazi, kwamba nusu kaputi iko karibu zaidi na koma kuliko usingizi, ila ni koma ambayo sisi tunaiwasha na kuizima.

Sasa swali la deni la usingizi. Mwaka 1982 mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alieleza kwamba usingizi unaendeshwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba: moja ni deni linalojazana kadiri unavyokaa macho, na lingine ni saa ya mwili iliyoko ndani kabisa ya ubongo, inayofuata mwanga. Ukilala kawaida deni linalipwa. Ukipigwa nusu kaputi je? Hapa majibu ni ya vipande vipande. Panya walionyimwa usingizi wakapewa propofoli kwa masaa mengi walionekana kupata nafuu, lakini kwa zile dawa za nusu kaputi za kuvuta kwa pumzi, deni la usingizi wa ndoto lilibaki pale pale. Ila hawa ni panya na ni masaa mengi, operesheni ya ngiri inachukua saa moja au moja na nusu, kwa hiyo hata kama kuna kilicholipwa ni chenji tu.

Na ile saa ya mwili nayo haijasalimika. Kuna utafiti ninaoupenda sana wa mwaka 2012 kutoka Auckland, New Zealand, walichukua nyuki wakawapa isofulureni, dawa ya kuvuta tunayoijua vizuri, kwa masaa 6 mchana. Nyuki anatumia jua kujua njia, kwa hiyo lazima ajue sasa ni saa ngapi. Walipozinduka saa yao ilikuwa imechelewa kwa masaa kadhaa, wakawa wanaruka kuelekea upande usio sahihi kana kwamba muda haukupita. Walipowapa usiku hiyo hali haikutokea. Binadamu sio nyuki, najua, lakini kila mgonjwa anayezinduka na kuuliza "mmeshaanza?" wakati nyuzi zimeshafungwa ananikumbusha wale nyuki.

Turudi kwa mgonjwa aliyefika nyumbani. Dawa za nusu kaputi zenyewe zinatoka mapema sana, kesho yake hazina neno tena. Kinachokukesheza ni mwili wenyewe. Kukatwa ni kukatwa, hata kama tundu ni dogo, mwili unaona umejeruhiwa na unapiga kengele: homoni za dharura, kotisoli na adrenalini, zinapanda, kemikali za uvimbe zinazunguka kwenye damu. Kwa kawaida kotisoli inatakiwa iwe chini kabisa katikati ya usiku, ianze kupanda kuelekea alfajiri ikuandae kuamka, sasa wewe unayo ya asubuhi usiku wa manane. Unakuta mtu kachoka hoi, macho yanawaka, na moyo unadunda kama ana safari.

Halafu kuna deksamethasoni. Hii watu wachache sana wanaambiwa, na kwa maoni yangu waambiwe. Mwanzoni mwa operesheni tunawapa wagonjwa wengi dozi moja, miligramu 4 mpaka 8, kuzuia kichefuchefu na kutapika baadaye, na inasaidia pia kidogo kwenye maumivu. Ni dawa nzuri na mi mwenyewe nimepewa na ningeikubali tena kesho. Lakini ni steroidi, inakaa mwilini ikifanya kazi siku moja na nusu mpaka mbili, na moja ya tabia zake ni kumfanya mtu awe mchangamfu wakati hatakiwi kuchangamka. Usiku wa kwanza nilikuwa na mawazo mazuri sana ya kupanga kabati. Kama una kisukari jua pia kwamba sukari itapanda siku hizo, usishtuke, ila ipime.

Kwa sisi wa matundu kuna na bega. Ili daktari aone vizuri ndani wanajaza hewa ya kabonidayoksaidi, ikibaki kidogo inaenda kukaa chini ya ule msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo, inauchokoza, na neva inayohudumia msuli huo inatokea shingoni, jirani na neva zinazopeleka taarifa za bega, ubongo unachanganya anwani na wewe unalala unashika bega ambalo hakuna aliyeligusa. Wagonjwa wanadhani ni moyo. Mara nyingi ni hewa, inanyonywa na mwili ndani ya siku mbili tatu, na kutembeatembea kidogo na kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kunapunguza. Lakini maumivu ya kifua yanayobana, yanayokuja na jasho au pumzi kukata, hayo usiyapige ramli, nenda hospitali.

Sasa usiku wa tatu. Usiku wa kwanza na pengine wa pili, kemikali za uvimbe, maumivu na hasa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinaukandamiza usingizi wa ndoto, unakuwa mfupi au haupo kabisa, na ule mzito nao unachunwa. Mwili unaweka kumbukumbu. Mara uvimbe unapoanza kushuka, usiku wa tatu hivi, wakati mwingine wa nne, unadai chake chote kwa mpigo. Ndoto zinakuja nyingi, ndefu, zenye rangi, nyingine za kutisha mno, na unaamka umelowa jasho. Mtu aliyeanza kuona unafuu anajikuta usiku huo ni mbaya kuliko ule wa kwanza na anaamini kuna kitu kimeharibika ndani. Tafiti nyingi za jambo hili zilifanywa kwa watu waliofanyiwa operesheni kubwa za tumbo, kwenye ndogo kama yangu linakuwa dogo zaidi na wengine hawalioni kabisa. Mi nililiona. Niliota monita zote za thieta zinalia na hakuna hata moja inayozimika, ambayo kwa daktari wa usingizi ni jinamizi halali kabisa.

Nilichofanya ni vitu vya kawaida, vingi vinahusu maumivu kabla ya kuhusu usingizi, maana vinafukuzana: usipolala vizuri kesho yake maumivu yaleyale unayasikia zaidi, na ukiumia zaidi hulali. Kwa hiyo parasetamoli sikuisubiri niumie, nilimeza gramu 1 kila baada ya masaa 6, ambayo kwa mtu mzima mwenye ini zima ndio mwisho, gramu 4 kwa siku na usichanganye na dawa ya mafua yenye parasetamoli hiyohiyo ndani. Ibuprofeni nikala na chakula, kwa sababu figo na tumbo langu havina shida, mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu aulize kwanza. Dozi ya mwisho naipanga karibu na kulala. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ya ile jamii ya mofini, niliandikiwa, nikaitumia pale tu hivi viwili viliposhindwa, sio kwa ushujaa, ila kwa sababu inaniibia ule usingizi ninaoutafuta na juu yake inafunga choo, na kujikamua choo ukiwa na nyuzi za kinena simwombei mtu.

Dawa ya kulalia sikugusa. Watu wanaziomba sana wiki hiyo na nawaelewa, lakini dawa za jamii ya diazepamu pamoja na dawa za jamii ya mofini zinaweza kuzima upumuaji mtu akiwa amelala, mpaka mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake zito zaidi liandikwe kwenye makundi yote mawili. Pombe iweke kapu hilohilo.

Kilichonisumbua mimi zaidi ni mchana. Umechoka, umeambiwa upumzike, kitanda kipo, unalala saa nne asubuhi, unalala saa nane mchana, unalala tena saa kumi na moja jioni, halafu usiku unashangaa. Mwanasaikolojia Arthur Spielman alikuwa na maelezo mazuri kuhusu kukosa usingizi: kuna kinachokuandaa, kuna kinachoanzisha, na kuna kinachoendeleza. Operesheni ni cha kuanzisha tu, na yenyewe inaisha. Kinachoendeleza ni haya ya kulala saa mbili usiku "nifidie", kushinda kitandani na simu, kuangalia saa kila baada ya muda mchache. Nikajiwekea kalala kamoja ka nusu saa kabla ya saa tisa alasiri, muda wa kuamka uleule kila siku hata kama usiku ulikuwa wa hovyo, na asubuhi natoka nje kwenye mwanga, natembea polepole, ambako pia kunasaidia damu isigande miguuni. Kahawa niliiacha mchana, maana nusu yake bado iko mwilini masaa kama 5 baadaye. Na nikiona nimelala macho kwa muda, kama dakika 20 za kukadiria, naamka nakaa kwenye kiti, taa hafifu, nikisinzia narudi. Ushauri huo ni wa mwanasaikolojia Richard Bootzin tangu 1972 na bado sijaona wa kuushinda.

Kuhusu kuandika, kwa wenzangu mnaoishi kwa kalamu: usitegemee kichwa kirudi siku moja na kidonda. Sentensi ninaianza vizuri nikifika katikati nimesahau nilikuwa naenda wapi, na hiyo ni umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, ndivyo vinavyoanza kuyumba mtu akikosa usingizi. Asubuhi nilikuwa naweza aya mbili tatu, jioni nilikuwa nazifuta. Masaa 24 ya kwanza baada ya nusu kaputi hata usiendeshe gari wala kusaini mkataba. Ila kuna kuchanganyikiwa kwa aina nyingine: mzee wako ametoka kwenye upasuaji, siku ya kwanza mpaka ya tatu anaanza kutojua yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo, mchana kasinzia usiku anahangaika, inakuja na kuondoka. Huo sio usingizi tu, huo ni ubongo umezidiwa, inawezekana kuna maambukizi, mkojo umeziba au dawa haimfai, mpelekeni aonwe siku hiyohiyo.

Na kama unakoroma sana, sema mapema, kabla ya siku ya operesheni. Ule usiku wa tatu niliouelezea una jambo lingine: wakati wa usingizi wa ndoto misuli ya mwili inalegea, na ya koo nayo, upumuaji unakuwa haueleweki, kwa hiyo mtu ambaye pumzi yake huwa inakata usingizini anakuwa hatarini zaidi, akiwa ameshatoka wodini na amemeza tramadoli. Kuna maswali manane yanaitwa STOP-Bang, yalitengenezwa Toronto, Kanada, na daktari wa usingizi na ganzi Frances Chung na wenzake, yanauliza kukoroma, uchovu wa mchana, kama kuna mtu amekuona ukiacha kupumua usingizini, presha, uzito, umri, shingo nene na jinsia. Dakika mbili zinatosha kuyajibu. Njoo na unayelala naye kama yupo, maana wewe hujisikii, na akisema pumzi huwa inakata, mi nabadilisha dawa nitakazokupa, nakuangalia muda mrefu zaidi baada ya kuzinduka, na ile mashine yako ya kupumulia usiku kama unayo nitakuambia uje nayo.